Nani Amekata Feza Yangu? Historia fupi ya makato mu Lubumbashi



Hapa kwetu Lubumbashi tuko na neno moja linalosikika kila siku kuhusu feza: kukata. "Bamenikata." "Simu imenikata maunite." "Banki inakataka kila mwisho wa mwezi." Neno hilo linasema maumivu vizuri, lakini angalieni kitu kimoja: halitaji jina. Mtu anasema "bamekata", na ukimuuliza "banani?", anainua mabega. Nimesoma historia, na ninaamini kwamba swali hilo la "banani?" lina historia ndefu mu mji huu. Ukiifahamu, siku utakapoona mu konti yako malipo usiyoyajua, utajua pia namna ya kusimama.

Tuanzie ku Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Mababu zetu walioifanyia kazi walipokea sehemu ya malipo yao kwa franga, na sehemu nyingine kwa posho na nyumba ya kambi. Hesabu yote ilikuwa mikononi mwa kampuni. Wakati wa vita vya pili vya dunia bei zilipanda, na wafanyakazi weusi wakaomba nyongeza. Tarehe 9 Desemba 1941, askari waliwafyatulia risasi ku uwanja wa mpira wa mji huu, na watu makumi wakafa. Vyama vya wafanyakazi weusi viliruhusiwa mwaka 1946 tu. Ninakumbusha hilo kwa sababu leo kuna kijana mwenye diplome anayeona haya kusimama mbele ya dirisha la banki na kuuliza juu ya dola 5. "Watasema niko na njaa." Ndugu yangu, kuna watu walikufa hapa kwa kuuliza juu ya malipo yao. Uliza.

Aina ya pili ya kukata ni ile isiyoacha hata alama ya kisu. Siku ya Noeli ya mwaka 1979, Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina thamani tena. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, na kwa kiasi kilichopimwa. Aliyekuwa mbali na banki, au aliyeficha akiba yake mu sanduku chini ya kitanda, alibaki na karatasi. Kisha ikaja miaka ya 1990. Mwaka 1994 peke yake, bei zilipanda kwa zaidi ya 9,000 kwa mia.

Tufanye hesabu pamoja, polepole. Mwezi wa Oktoba 1993, zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kuwa zaire mpya 1. Tarehe 30 Juni 1998, zaire mpya 100,000 zikawa franga moja ya Kongo. Basi mzee aliyekuwa na zaire 3,000,000 mu kitabu chake cha akiba, akaziacha zilale tu, mwaka 1998 alikuwa na sehemu moja ya laki moja ya franga. Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Hakuna mstari wowote mu kitabu chake ulioandikwa "tumekata". Ndiyo maana wazee wetu wengi hawapendi banki hata leo. Ukimwambia mama ku Katuba aweke feza yake banki, anakuangalia kama mtoto asiyejua dunia. Anakumbuka, na kumbukumbu yake ina sababu.

Sasa tuje karibu. Mwaka 2011 serikali ilianza mpango wa kulipa watumishi wake kupitia banki. Mbele ya hapo, mshahara ulisafiri kwa noti, ukipita mkono hadi mkono, na kila mkono ulijua kumega. Kwa familia nyingi za wanafunzi wa UNILU, konti ya kwanza kuingia nyumbani ilikuwa ya baba mwalimu au ya mama muuguzi. Mpango huo haukumaliza makato. Ulileta kitu kimoja cha maana: alama. Mkono uliomega noti ku gunia haukuandika kitu. Banki inapokata, inaandika tarehe, kiasi na maneno mawili matatu ya sababu. Maneno hayo mara nyingi ni mafupi na ya giza, lakini yapo, na jambo lililoandikwa linaweza kuulizwa.

Mfano mkubwa kuliko yote tunaujua sisi wote, kwa sababu ulitugusa mu simu. Ni RAM, Registre des Appareils Mobiles. Tangu mwezi wa Septemba 2020, watu walianza kuona maunite yao yanapungua bila kupiga simu. Kwa simu ya 3G au 4G, jumla ilikuwa kama dola 7 kwa mwaka. Kwa simu ndogo ya 2G, kama dola 1. Mwanzoni wengi walidhani ni kampuni ya simu inayowaibia. Kampuni zikasema: hapana, tunakusanya tu, feza si yetu. Serikali, kupitia ARPTC, ikasema: si kodi, ni malipo ya huduma, tunaandikisha simu yako ili ikiibiwa ifungwe, na simu za bandia zijulikane.

Hapo ndipo ninapopenda sana kisa hiki, kwa sababu watu wa kawaida walitoa hoja ambayo mwanasheria angeona wivu. Walisema: kama ni huduma, mimi niliiomba lini? Na kama ni kodi, sheria yake iko wapi? Katiba yetu ya mwaka 2006, mu kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria, maana yake lazima ipite bungeni. RAM ilikuja kwa amri za serikali. Kwa hiyo mlango wa kushoto ulifungwa, na wa kulia pia. Mwezi wa Oktoba 2021 waziri wa posta na simu, Augustin Kibassa Maliba, aliitwa bungeni kujibu, na wabunge wakampokea kwa kelele. Mwanzoni mwa mwaka 2022 makato yalisimamishwa. Feza iliyokwisha kukatwa ni hadithi nyingine, na kila mmoja anajua kama aliiona ikirudi. Lakini kisu kilisimama, na kilisimama kwa sababu watu walitoka ku "bamekata" wakafika ku "nani, kwa sheria gani?"

Mimi hoja hiyo ilinisaidia kwa jambo langu mwenyewe. Kulikuwa na mwezi niliona mu konti yangu dola 12 zimetoka, na mbele yake herufi nne tu ambazo sikuzijua. Sitaitaja banki. Kwenye dirisha kijana aliniambia, "Yaya, ile ni sisteme." Nikamwambia kwa heshima, "Papa, sisteme haina jina. Naomba jina la huduma, na karatasi nilipotia sinyatire." Akaingia ndani, akarudi, akasema ni asiranse. Nikaomba mukanda wa asiranse hiyo. Haukuwepo. Niliandika barua ya ukurasa mmoja: namba ya konti, tarehe, kiasi, na sentensi moja, "Sikuomba huduma hii wala sikuikubali." Nilipeleka nakala mbili, moja ikapigwa kashe na tarehe, nikabaki nayo. Baada ya wiki tatu dola 12 zilirudi. Bila kashe ile, kila safari ningeanza upya na mtu mwingine ku dirisha lingine.

Kwa hiyo, kutokana na historia hii, ninaona malipo usiyoyajua yana baba watatu, na kila baba ana namna yake ya kuitwa.

Baba wa kwanza ni mwizi. Amepata kodi ya siri yako, au kadi yako, au amekupigia simu akijifanya wakala. Huyu anashindwa kwa dakika, si kwa barua. Piga simu mara moja, konti au kadi ifungwe, halafu ndiyo uende kuandika. Andika pia polisi, kwa sababu tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Kodi ya Numeriki, sheria inayoadhibu wizi wa namna hii, lakini sheria haimtafuti mwizi ambaye hakuna aliyemshitaki.

Baba wa pili ni banki au kampuni yenyewe, na huduma ambayo hukuiomba. Huyu anaitwa kwa karatasi: omba relevé ya konti, omba jina la huduma, omba sinyatire yako, wacha barua yenye kashe. Usikubali jibu la mdomo, hata kama aliyelitoa ni rafiki wa kaka yako.

Baba wa tatu ni serikali. Mbele yake mtu mmoja na dola zake 7 ni kama jani mu mto. Huyu anaitwa kwa wingi na kwa sheria, kama RAM ilivyoonyesha.

Kabla ya yote hayo, angalia vizuri kama malipo si yako kweli. Jina la duka mara nyingi halifanani na jina linaloandikwa mu konti, na wakati mwingine ndugu wa nyumbani alitumia simu yako. Historia pia inafundisha kutomshitaki mtu mbele ya kusoma mukanda.

Wasomi wengi wa kizazi chetu wanapata konti ya kwanza wakiwa na mshahara mdogo, na mu mshahara mdogo dola 12 ni unga na usafiri wa siku kadhaa. Si jambo la kuchekwa. Basi ninawaomba kazi moja ya nyumbani. Wiki hii, kila mmoja achukue makato ya miezi mitatu ya mwisho, ya banki na ya simu, akae na mdogo wake au mama yake, waandike mbele ya kila mstari jina la aliyekata. Mistari itakayobaki bila jina, hiyo ndiyo ya kupeleka ku dirisha siku ya Jumatatu.