Paneli ya jua na mbabula: historia ya moto katika nyumba za Goma

Gunia la makala linapopanda bei, swali moja linarudi katika mitaa ya Goma na kwa familia zilizohama kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo: mtu akinunua paneli ya jua, atapunguza pesa anayochoma kila siku kwenye mbabula? Ili kujibu, inafaa kurudi nyuma kidogo, maana wakaaji wa mji huu wamekwisha kuahidiwa zaidi ya mara moja kwamba wataachana na makala.

Ahadi ya kwanza ilitoka mtoni. Bwawa la Ruzizi, karibu na Bukavu, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1989 likafuata Ruzizi ya pili, mali ya nchi tatu: Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, Rwanda na Burundi. Umeme ulifika Goma, lakini mji ulikua haraka kuliko waya. Nyumba nyingi zilizopata umeme ziliwasha balbu tu, siku ulipokuwepo, na sufuria ikabaki juu ya makala.

Kisha ikaja Julai 1994. Wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 700 000 waliingia Goma na kuwekwa katika kambi kama Kibumba, Katale na Mugunga, kando ya mbuga ya Virunga. Kila familia ilipaswa kupika, na kuni zilikuwa porini. Mwaka huohuo UNESCO iliiandika Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Vita vilivyofuata vilifanya makala kuwa biashara ya wenye bunduki. Sokwe waliouawa mbugani mwaka 2007 walihusishwa na biashara hiyo. Watu wa nje waliwalilia sana sokwe hao. Akina mama wanaoingia porini kutafuta kuni, wengine wakikutana na ubakaji au risasi, hawakuliliwa hivyo.

Ahadi ya pili ilitoka mbugani kwenyewe. Desemba 2015 kiwanda cha umeme wa maji cha Matebe, huko Rutshuru, kilizinduliwa, chenye nguvu ya megawati zaidi ya 13. Nia ilikuwa wazi: watu wapate umeme na kazi, wauache msitu. Mwanzoni mwa 2020 jua nalo likaingia kwa nguvu, pale kampuni ya Nuru ilipowasha kituo cha megawati 1,3 mjini Goma.

Lakini paneli ambayo familia nyingi zinaijua ni ile ndogo ya sokoni, yenye betri, taa tatu na waya wa simu. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Kuchemsha lita moja ya maji kunahitaji karibu wati-saa 90. Paneli ya wati 50, jua likiwa kali bila wingu, itahitaji karibu saa mbili kwa lita hiyo moja, hata kama hakuna kinachopotea njiani. Maharage je? Na katika baridi ya usiku ya Masisi au Lubero, paneli hiyo haiwezi kupasha chumba joto. Wengine huingiza mbabula ndani na kufunga mlango. Moshi usioonekana wa makala umeua watu usingizini namna hiyo.

Kwa hiyo pesa ya mwanga ihesabiwe mbali na pesa ya moto. Paneli inaondoa mishumaa, petroli ya taa na pesa ya kuchajisha simu kwa jirani. Hayo yakijumlishwa kwa miezi michache, mara nyingi inajilipa. Makala hayapunguzwi nayo. Yanapunguzwa na mbabula bora inayohifadhi joto, kifuniko juu ya sufuria, na maharage yaliyolowekwa tangu usiku. Maji ya kuoga mtoto yanaweza kupata joto katika bidoni nyeusi iliyoachwa juani tangu asubuhi. Jua hilo linapasha maji moja kwa moja, wakati paneli hugeuza karibu sehemu moja tu kati ya tano kuwa umeme.

Januari 2025, mapigano yalipofika Goma, umeme wa waya na maji ya bomba vilikatika, watu wakateka maji ziwani. Mwenye paneli juu ya bati aliweza bado kupiga simu kuuliza nani yu mzima. Mwezi uliofuata kambi za wahami zilibomolewa na maelfu wakashika njia ya vijijini, wengine kwenye nyumba zisizo na mlango wala bati. Mita ya umeme haihami. Paneli ndogo hufungwa pamoja na godoro, ikabebwa mgongoni, na usiku wa kwanza kunakuwa na taa. Kuni za kupikia bado zinatafutwa.