Ukiona Vyaelea: Bei ya Tiketi ya Meli ya Kitalii Ilianza Kutuchezea Zamani Sana

Kuna staa mmoja wa hapa mjini, jina naliweka kapuni, juzi kati alitikisa mitandao na picha zake akiwa kwenye meli ya kitalii. Bwawa la kuogelea juu ya meli, glasi mkononi, bahari ya buluu mpaka macho yanachoka. Chini ya picha kaandika kwamba kajilipia mwenyewe. Watu wakagawanyika kambi mbili palepale: wengine wakasema kalipiwa na mzee fulani, wengine wakasema hiyo ni kazi ya tangazo, hata tiketi hajaishika.

Mimi sikuwa na kambi, maana nilikuwa na kesi nyingine mezani. Shosti wangu mmoja amekuwa anaweka hela kwenye kikoba miaka miwili sasa. Mama yake anatimiza miaka 60. Mama huyo kasomesha watoto wanne kwa vitumbua, na chombo kikubwa alichowahi kupanda majini ni boti ya kwenda Zanzibar. Shosti akaona zile picha, akaingia mtandaoni, akakutana na tangazo: dola 399 tu, siku saba, chakula ndani. Akanipigia saa tano usiku anahema: "Nalipa sasa hivi, zimebaki nafasi chache!"

Nikamwambia, subiri kwanza nikupe stori. Ni stori ndefu, ila ukiielewa hutapigwa. Na wewe unayesoma, kaa hapo.

Tiketi ya bure ya mwaka 1844

Mnaobishana kama staa wetu kalipa au kapewa, jueni ubishi huo una umri mkubwa kuliko nchi yetu. Mwaka 1844 kampuni ya Uingereza iitwayo P&O ilikuwa na meli za mvuke zinazobeba barua na abiria kuelekea Mediterania. Ikataka watu wazione safari zile kama starehe, sio kama adhabu. Ikafanya nini? Ikampa mwandishi mmoja tiketi ya bure. Jina lake William Makepeace Thackeray, ambaye wakati huo bado hajawa jina kubwa. Jamaa akazunguka mpaka Athens, Constantinople, Jerusalem na Cairo, akarudi, na mwaka 1846 akatoa kitabu kuhusu safari hiyo.

Hiyo ndo posti ya kulipiwa ya enzi hizo. Abiria wa kwanza wa kuonyesha raha hakulipa nauli. Aliyelipa ni msomaji, baadaye, alipokwenda kununua tiketi yake.

Mastaa waliotangazwa, wakaingia mitini

Sogea mpaka 1867. Marekani imetoka vitani, watu wenye nafasi wanataka kuiona dunia. Meli iitwayo Quaker City ikatangaza safari ya miezi kadhaa kwenda Ulaya na Nchi Takatifu. Nauli dola 1,250 kwa mtu mzima, pesa nyingi mno wakati huo. Kilichovuta watu ni majina: Jenerali Sherman, shujaa wa vita, angekuwemo. Mhubiri maarufu Henry Ward Beecher naye angekuwemo.

Siku ya safari, New York, mwezi Juni, hakuna jenerali wala mhubiri. Wote walishajitoa. Aliyepanda ni kijana mmoja wa magazeti, Mark Twain, tena nauli yake ililipwa na gazeti la San Francisco ili awe anatuma barua za safari. Barua hizo ndizo zilizozaa kitabu chake cha 1869, na kitabu kikauzwa sana.

Sasa angalia kitu ambacho wengi hukiruka. Lile tangazo la Quaker City liliwaambia abiria kwamba juu ya nauli, kila mtu ajiandae na kama dola 5 za dhahabu kwa siku kwa matumizi ya nchi kavu. Yaani tangu siku hizo bei ya kwenye tangazo na bei ya safari vilikuwa vitu viwili tofauti. Tofauti ni kwamba wale waliandika wazi.

Kitanda kitupu hakilipi

Hapa ndipo penye siri ya bei zote, na siri yenyewe ilianzia Ujerumani. Bosi mmoja wa kampuni ya meli ya Hamburg, Albert Ballin, alikuwa na tatizo. Meli zake kubwa zilivusha watu Atlantiki kwenda Marekani, lakini majira ya baridi bahari inachafuka na abiria wanapungua. Meli inakaa bandarini inakula hela, na mabaharia wanataka mshahara.

Januari 1891 akaichukua meli yake Augusta Victoria, akaipeleka Mediterania kwenye jua ikiwa na abiria 241 wanaokwenda kutembea tu. Wenzake walimwona kachanganyikiwa, lakini safari ikafana. Mwaka 1900 kampuni yake ikazindua Prinzessin Victoria Luise, meli iliyojengwa tangu mwanzo kwa ajili ya starehe peke yake.

Shika hapo: utalii wa meli ulishika kasi kwa sababu ya vitanda vitupu. Meli ikishaondoka, chumba ambacho hakikuuzwa hasara yake hairudi. Ndiyo maana chumba kilekile kinaweza kuwa na bei moja Septemba na nyingine kabisa Desemba. Meli ni ileile na kitanda ni kilekile, kilichobadilika ni idadi ya watu wanaokigombea.

Milango ikafungwa, ndege zikaja

Wengi wetu tukisikia meli kubwa tunaikumbuka Titanic ya kwenye filamu. Ile haikuwa meli ya matembezi. Ilikuwa inavusha watu, na kule chini walijaa wahamiaji wanaokwenda kutafuta maisha. Wahamiaji hao walikuwa mtaji mkubwa wa kampuni za meli. Marekani ilipopitisha sheria za kubana uhamiaji mwaka 1921 na 1924, mtaji huo ukakatika. Kampuni zikafanyaje? Zikapaka rangi vile vyumba vya chini, zikavibadilisha jina, zikaviuza kwa bei nafuu kwa wanafunzi na walimu wanaotaka kuiona Ulaya. Kitanda kitupu tena!

Halafu mwaka 1958 ndege za jeti zikaanza kubeba abiria kuvuka Atlantiki. Safari ya siku tano ikawa ya saa kadhaa. Nani tena angepanda meli ili kufika?

Jibu likapatikana Miami mwaka 1966. Ted Arison alikuwa na abiria walioshalipia, lakini hana meli. Knut Kloster wa Norway alikuwa na meli mpya, Sunward, lakini hana abiria. Wakaunganishwa, na Desemba mwaka huo Sunward ikaanza kupeleka watu Bahamas. Baadaye wakagombana, kila mtu akashika njia yake. Arison akaanzisha Carnival mwaka 1972, na safari ya kwanza kabisa meli yake Mardi Gras ikakwama kwenye mchanga hapo hapo nje ya Miami, abiria wamejaa tele. Aibu ya mwaka!

Lakini akili ya Carnival ndiyo iliyoshinda. Meli zamani ilikuwa njia ya kufika mahali. Hawa wakaifanya meli yenyewe kuwa mahali: kasino, disko, baa kila kona. Tiketi ikashushwa ili hata mfanyakazi wa kawaida apande, halafu hela inatafutwa mkiwa katikati ya bahari, ambako hakuna duka la Mangi la kukimbilia. Kuanzia 1977 tamthilia ya The Love Boat ikaingia kwenye televisheni, na ndoto ikauzwa mpaka kwa watu ambao hawajawahi kuiona bahari.

Mbona sasa imepanda?

Machi 2020 korona ikazifunga meli zote. Kampuni zikakaa miezi mingi bila abiria huku zikikopa ili zisife. Deni la Carnival peke yake lilipita dola bilioni 30. Dunia ilipofunguka watu wakarudi kwa fujo: takwimu za chama cha kampuni za meli zinaonyesha abiria milioni 29.7 mwaka 2019, kisha milioni 34.6 mwaka 2024. Vitanda vitupu vimepungua, madeni bado yapo, na meli mpya ni miji inayoelea. Icon of the Seas iliyoanza safari Januari 2024 inaweza kubeba abiria wapatao 7,600, na inatajwa kugharimu karibu dola bilioni 2.

Kuna kitu hapo kitakugusa kama wewe ni wa Kigoma. Icon ilijengwa Finland kwenye kiwanda cha familia ya Meyer. Familia hiyohiyo, kwenye kiwanda chao cha Papenburg, Ujerumani, ndiyo iliyounda mwaka 1913 meli yetu ya Ziwa Tanganyika, MV Liemba. Ililetwa vipande vipande kwenye maboksi mpaka Dar, ikapandishwa treni, ikaunganishwa Kigoma. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aliyeunda anataka hela yake.

Bandari nazo zimeamka. Julai 2025 Ugiriki ilianza kumtoza kila abiria wa meli anayeshuka Santorini na Mykonos euro 20 msimu wa watu wengi. Mexico nayo ikaanza na dola 5 mwezi huohuo. Zote hizo zinaishia kwenye bili yako.

Tukarudi kwenye ile 399

Nikakaa na shosti, kalamu na karatasi. Dola 399 ni ya mtu mmoja, lakini mkiwa wawili chumbani. Ukienda peke yako, mara nyingi unalipia na kitanda cha asiyekuwepo. Ongeza kodi na ada za bandari, tuseme 130. Ongeza bakshishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi za Marekani huikata zenyewe kila siku. Chumba cha kawaida ni kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu. Tukiweka 17 kwa siku saba ni 119. Jumla 648 kwa mtu, 1,296 kwa wawili. Hapo hujagusa soda, intaneti, wala matembezi ya bandarini. Na usiilalamikie sana bakshishi, kwenye meli hizo wapo vijana wa Kenya na nchi nyingine wanaosafisha vyumba mbali na kwao miezi mingi mfululizo.

Halafu likaja lililomnyamazisha: meli inaondokea Miami. Nauli ya ndege ya watu wawili, visa ya Marekani, hoteli ya usiku mmoja maana huwezi kufika siku ileile ya safari ukategemea bahati. Ile 399 ilikuwa ni mlango tu.

Basi tukatumia akili ya mzee Ballin: tafuta meli inakokimbilia baridi. Ulaya ikipoa, kwa miaka mingi baadhi ya meli zilikuwa zikihamia Ghuba na kuanzia safari zake Dubai. Kutoka Dar ni ndege moja. Tangazo la huko lilionekana ghali kuliko 399, lakini tulipojumlisha kila kitu na kugawa kwa usiku mmoja, lilikuwa nafuu mbali.

Mengine tuliyojifunza, chukua bure:

Usilinganishe tiketi na tiketi. Linganisha jumla na jumla, kwa mtu mmoja, kwa usiku mmoja.

Kimbia likizo za shule na sikukuu. Januari mpaka Machi kampuni hutoa ofa nyingi, ila soma ofa inakupa nini hasa. "Kinywaji bure" kwa mama asiyekunywa pombe ni ofa ya nani?

Meli zinapohama kutoka bahari moja kwenda nyingine, Aprili na Mei au Oktoba na Novemba, mara nyingi huuza siku nyingi kwa bei ndogo. Kumbuka tu unaishia nchi nyingine, na ndege ya kurudi ni juu yako.

Chumba cha ndani kisicho na dirisha ni cha bei ya chini, na bahari ya juu ni ileile kwa wote.

Kabla hujatoa hata senti, shughulikia visa ya kila nchi mnayoshuka. Uliza pia mwisho wa kumalizia malipo ni lini, na bei ikishuka kabla ya hapo watakupunguzia au la. Baadhi ya kampuni hukubali, lakini hawatakupigia simu kukuambia.

Kuhusu staa wetu, mimi nasema kalipa au kalipiwa, shauri yake. Tangu 1844 picha za mbele zimekuwa na mtu wa kuzigharamia nyuma. Wewe jua tu usiwe ndo huyo bila kujijua.

Shosti alienda kumwambia mama yake Jumapili, na karatasi ya hesabu mkononi. Mama kaisoma mstari kwa mstari, kwa macho ya mtu aliyeuza vitumbua maisha yake yote na anajua faida inajificha wapi.

"Chakula kimo humo humo?"

"Kimo, mama."

"Na soda mnalipa?"

"Tunalipa."

"Basi soda nitakunywa nikirudi."