Burangaiti: jiwe la Rwanda lenye maji ndani

Wadau, leo tuongelee jiwe ambalo wengi hatujawahi hata kulisikia, wakati liko jirani tu.

Burangaiti ni madini ya fosfeti, rangi yake bluu, mara nyingine bluu inayoelekea kijani. Jina limetoka Buranga, huko Gatumba, magharibi mwa Rwanda, ndiko lilikogunduliwa. Walioliandika kisayansi ni von Knorring, Lehtinen na Sahama, mwaka 1977.

Ndani yake kuna sodiamu, chuma, alumini (hii ndio imejaa, tano kwa chuma moja), fosfeti na maji. Ndiyo, maji! Ila usitegemee kulikamua, yamefungwa humo humo kwenye fuwele na jiwe mkononi ni kavu kabisa.

Limetokeaje? Buranga ni pegmatiti, yaani mwamba wa fuwele kubwa kubwa ulioganda kutokana na mabaki ya uji wa graniti, karibu miaka bilioni moja iliyopita. Baadaye maji ya moto yakapenya, yakazila fosfeti za mwanzo zenye lithiamu, zikazaliwa nyingine mpya. Gatumbaiti nayo imetoka hapo hapo.

Sasa wajanja wa mjini msikimbilie. Pesa ya Gatumba iko kwenye bati na koltani. Burangaiti kiwandani haina kazi, wanaoitaka ni makumbusho na wakusanyaji wa mawe. Na mtu akikuletea jiwe la bluu akakutajia bei, mwambie alete karatasi ya maabara kwanza, maana skozaliti nayo ni bluu na kwa macho utapigwa mchana kweupe.