Sanaa ya sauti na mabadiliko ya tabianchi

Sanaa ya sauti ni tawi la sanaa ambalo malighafi yake ni sauti yenyewe: mlio wa maji, upepo, ndege au ala, uliorekodiwa au kutungwa ili usikilizwe kama mchoro unavyotazamwa. Katika miaka ya karibuni wasanii kadhaa wameitumia kueleza mabadiliko ya tabianchi kwa namna isiyowezekana katika majedwali ya takwimu, yaani kumfanya msikilizaji ayahisi.

Wapo wanaogeuza takwimu kuwa muziki. Mwaka 2013 Daniel Crawford, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, alichukua kumbukumbu za NASA za wastani wa joto la dunia kuanzia mwaka 1880 hadi 2012, akaupa kila mwaka noti moja ya chelo, ala ya nyuzi yenye sauti nzito. Mwaka 1909, uliokuwa wa baridi zaidi, ulipewa noti ya chini kabisa. Miaka inavyosogea ndivyo sauti inavyopanda, hata asiyejua kusoma grafu hutambua kuwa kuna jambo haliko sawa. Mwaka 2015 lilitoka toleo la ala nne: chelo kwa ukanda wa ikweta, viola kwa latitudo za kati, na vayolini mbili kwa maeneo ya kaskazini hadi Aktiki. Vayolini hupanda mno, kwa kuwa Aktiki inapata joto kwa kasi kuliko kwingine.

Msanii wa Scotland, Katie Paterson, hakutumia takwimu. Mwaka 2007 alizamisha kipaza sauti katika ziwa la Jökulsárlón, Iceland, akakiunganisha na simu. Mtu yeyote duniani aliweza kupiga namba na kusikia barafu ya Vatnajökull ikiyeyuka. Mwaka huohuo alihifadhi sauti za barafu tatu za nchi hiyo katika santuri zilizogandishwa kwa maji ya barafu hizohizo. Santuri zilichezwa hadi zikayeyuka, baada ya takriban saa mbili, na sauti ikapotea pamoja na kilichoibeba.

Kwa Bernie Krause wa California, ushahidi ni ukimya. Kwa zaidi ya miaka 20 alirekodi majira ya kuchipua katika hifadhi ya Sugarloaf Ridge, iliyo karibu na kwake. Katika rekodi ya mwaka 2015, wakati wa ukame mkali, nyimbo za ndege zilizojaa katika rekodi za awali karibu zote hazisikiki. Rekodi peke yake haithibitishi chanzo cha ukame. Hilo ni jukumu la wanasayansi. Inachoonesha ni kilichokosekana, na ni vigumu kukisikiliza bila kusikitika. Oktoba 2017 moto wa nyika uliteketeza nyumba ya Krause.