Mwenye nyumba, mpangaji na juji: njia ya sheria tangu 1888

Tangu mwezi wa pili 2023, wakati vita kati ya Wambole na Walengola viliwaka Lubunga, familia nyingi zilivuka mto na kuja upande huu wa Kisangani. Wengine waliingia katika makambi, wengine kwa ndugu. Wale waliobaki na franga kidogo walipanga chumba Mangobo, Kabondo ao Tshopo. Kisha franga zikaisha, deni likabaki. Ndiyo sababu maswali mawili yanazunguka katika avenyu zetu. Mwenye nyumba anauliza: nani atanisaidia kumtoa mtu ambaye halipi? Mpangaji naye anauliza: je, ana haki ya kung'oa mlango na mabati nikiwa ndani na watoto?

Jibu la yote mawili liliandikwa zamani sana. Tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888, nchi ikiwa bado mali ya mfalme Léopold II, amri moja ilitolewa juu ya mapatano kati ya watu. Ilifuata sheria za Ubelgiji, ambazo nazo zilitoka Ufaransa ya Napoléon. Maavoka wanaiita mpaka leo Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia. Kifungu chake cha 33 kinasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale waliopatana. Wenye nyumba wanakipenda sana kifungu hicho: tulipatana utalipa kila mwezi, hukulipa, toka!

Lakini kitabu hicho hicho kina kifungu cha 82, na hapo wengi hawafiki. Kinasema kwamba mtu mmoja akikosa kutimiza ahadi, mapatano hayavunjiki yenyewe. Anayelalamika anapaswa kuomba tribinali iyavunje, na juji anaweza kumpa mwenye deni muda, kulingana na hali yake. Kwa hiyo hata mpangaji mwenye deni la kweli anabaki mpangaji mpaka juji aseme vingine. Hiyo si huruma ya watu wa haki za binadamu wa siku hizi. Imo katika amri hiyo tangu 1888.

Na hapo ndipo kuna uchungu wa historia yetu. Juji huyo hakuwa wa kila mtu. Katika Stanleyville, Mwafrika aliishi katika cité, kule wazee walikojua majina kama Belge na Bruxelles. Tangu amri ya tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka 1931, sehemu za namna hiyo ziliitwa vituo vya nje ya desturi. Uliishi pale kwa ruhusa, na asiye na ruhusa ya kukaa mjini aliweza kurudishwa kijijini kwao. Ni katika 1953 tu, kwa amri ya tarehe 10 mwezi wa pili, Wabeleji waliwafungulia Wakongomani mlango wa kumiliki nyumba na ardhi kila mtu kwa jina lake. Wengi walikuwa na livre de logeur tu, kikaratasi cha kuonyesha kwamba unakaa kwenye parseli fulani. Mtu aliyeishi hivyo miaka yote angejifunza wapi kwamba kutoa mtu ndani ya nyumba ni kazi ya juji? Alichokiona ni mkubwa akitoa neno na mtu akibeba virago.

Uhuru haukuondoa tabia hiyo. Vita vya 1964 viliacha nyumba bila wenyewe. Kisha, tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973, Mobutu alitangaza zairianisation, na mali za wageni, pamoja na Wagiriki waliokuwa na biashara nyingi hapa kwetu, zikagawiwa watu wengine. Mwaka ule ule, sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 ilikuwa imesema udongo wote ni wa Leta. Tangu hapo mwenye parseli ana haki anayopewa na Leta, naye anapaswa kuionyesha kwa cheti. Wengi katika komini zetu wana fiche parcellaire peke yake. Basi siku ya ugomvi, mwenye nyumba ana karatasi dhaifu, na mpangaji aliyekimbia Lubunga hana karatasi hata moja.

Sheria inayotuhusu leo ni namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015, juu ya kupanga nyumba zisizo za biashara. Inataka mapatano yaandikwe. Garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. (Ukimwambia bayere hivyo, atacheka.) Kama mapatano hayana mwisho uliopangwa, preavi ya nyumba ya kuishi ni miezi mitatu. Na kabla ya kufika tribinali, pande zote mbili zinapaswa kwanza kupatanishwa na ofisi ya Habitat. Mwenye nyumba akiruka hatua hiyo, avoka wa mpangaji atamrudisha nyuma mara moja, na miezi mingine itapita bila kodi.

Upatanisho ukishindikana, tribinali inasikiliza na kuamua. Uamuzi unatekelezwa na mjumbe wa tribinali, yule tunayemwita huissier. Polisi anamsindikiza tu. Shefu wa avenyu anaweza kusikiliza na kushauri, lakini neno lake si hukumu. Na anayeingia katika nyumba ya mtu kwa nguvu ao kwa kuvunja, bila amri, anaangukia kifungu cha 69 cha sheria ya makosa, na kifungo chake ni kuanzia siku 8 mpaka miaka 2. Katiba ya 2006 inalinda makao katika kifungu cha 29, na mali ya mwenye nyumba katika kifungu cha 34. Vyote viwili vimo.

Nasema mali kwa makusudi. Mabayere wengi hapa si matajiri. Ni mama mjane mwenye vyumba viwili nyuma ya parseli, ni mzee aliyestaafu ambaye pensheni yake haiji, na kodi hiyo ndiyo minervali ya wajukuu. Mtu kama huyo anahitaji msaada sawa na mpangaji wake, naye ndiye anayeshawishika haraka kulipa askari wawili wamalize kazi asubuhi moja. Kesho yake yeye ndiye mshitakiwa, na deni lake halikulipwa.

Asiye na franga za avoka ana mlango mmoja, ulio katika sheria tangu tarehe 28 mwezi wa 9 mwaka 1979: sheria ya maavoka inataka kila baa iwe na ofisi ya mashauri ya bure kwa maskini. Haiulizi kama wewe ni bayere ao mpangaji. Nenda na kila ulicho nacho: mapatano kama yapo, risiti za kodi, daftari ulimoandika malipo, karatasi ya parseli, barua ya preavi yenye tarehe. Kama hukuandika kitu, nenda kwanza Habitat mkiwa wawili, muandike kiasi cha deni na siku za kulilipa, kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala yake.