Bodi na Mita: Utawala wa Kampuni ya Maji ya Kisumu Ukitazamwa kutoka Obunga

Tafiti nyingi za utawala wa kampuni katika nchi zinazoinukia kiuchumi huanzia bodini. Huhesabu wakurugenzi huru, huangalia kama mwenyekiti na mtendaji mkuu ni watu wawili, huuliza iwapo ipo kamati ya ukaguzi, kisha hulinganisha alama zinazotokana na hayo na faida. Msingi wake ni nadharia ya uwakala kama walivyoieleza Jensen na Meckling mwaka 1976, juu ya hoja ambayo Berle na Means waliitoa mwaka 1932: mwenye mali siye anayeiendesha, kwa hiyo anayeiendesha hana budi kuchungwa. Hapo hakuna ubishi mkubwa. Ubishi uko katika dhana kwamba mahali pa kumchungia ni mezani pa bodi.

Kenya yenyewe inaitia dhana hiyo dosari. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, na mwaka uliofuata ikawa chini ya miongozo ya utawala ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Septemba 2019 benki ya KCB iliiweka chini ya mrasimu. Watetezi wa alama hujibu kwamba bodi ya kwenye karatasi si bodi. Jibu hilo ni la kweli, ila linawageuka wenyewe, maana alama zao husomwa kutoka kwenye karatasi hizohizo. Kanuni za 2015, zinazotaka angalau theluthi moja ya wakurugenzi wawe huru, zimewapa watafiti vitu zaidi vya kuhesabu.

Kampuni ya Maji na Majitaka ya Kisumu, KIWASCO, inafaa zaidi kwa uchunguzi kwa sababu haiuzi hisa wala haitafuti sifa za wawekezaji. Ilitokana na idara ya maji ya baraza la manispaa, ikasajiliwa mwaka 2001, na kuanza kazi mwaka 2003 wakati wa mageuzi ya Sheria ya Maji ya 2002. Mwenye mali alikuwa manispaa. Baada ya ugatuzi wa 2013 akawa serikali ya kaunti. Ni mwenye mali mmoja, tena wa kisiasa. Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji, WASREB, ina miongozo ya utawala kwa kampuni za namna hii, na huzipanga kila mwaka kwa vigezo ambavyo kimojawapo ni maji yasiyolipiwa: yanayozalishwa na kusafishwa lakini hayaingizi pesa, kwa kuvuja, kuibwa au kutosomwa vizuri kwenye mita. Kiwango kinachokubalika hakipiti asilimia 25. Wastani wa nchi umezidi 40 miaka nenda, miaka rudi. KIWASCO ilirithi mtandao ambao zaidi ya nusu ya maji yake hayakulipiwa, na sehemu kubwa ya maji hayo husukumwa kwa umeme kutoka ziwani, kwenye kituo cha Dunga, tofauti na yale ya chanzo cha Kajulu yanayoteremka yenyewe.

Mitaa ya mabanda ilikuwa na sehemu yake katika hasara hiyo. Obunga, kaskazini mwa katikati ya jiji karibu na eneo la viwanda, unajulikana kwa mgongo wazi, mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Akina mama huikaanga na kuiuza, na kazi hiyo hutaka maji mengi kila siku. Viwanja havikupimwa kwa mpango, vyumba ni vya kupanga, na mabomba membamba ya plastiki yalipita mitaroni bila idhini ya yeyote. Msoma mita wa kampuni angetembea siku nzima akirudi na bili chache zisizolipika.

Suluhisho lililojaribiwa kwanza katika mtaa wa Nyalenda, kisha likaenea mitaa mingine ukiwemo Obunga, ni usimamizi wa kukasimu. Kampuni hufikisha bomba kubwa ukingoni mwa mtaa na kufunga mita moja kuu. Hapo ndipo mamlaka yake yanapokomea. Kutoka hapo kikundi cha wakazi chenye mkataba, kinachoitwa masta opereta, hununua maji kwa bei ya jumla, huwaunganishia wateja na vioski, husoma mita zao ndogo na kukusanya pesa. Kwenye chemba ya zege yenye mfuniko na kufuli, mita ndogo hupangwa bega kwa bega na kila moja hutoa bomba lake kuelekea nyumbani kwa mteja, hivyo anayechezea mita huonekana na majirani wote.

Tuseme mita kuu imesoma mita za ujazo 1,000 na mita ndogo zote 700. Kikundi hulipia 1,000. Kwenye vitabu vya kampuni hakuna kilichopotea. Mita za ujazo 300 za maji zinaweza kuwa zimemwagika mtaroni vilevile kama zamani, ila sasa zina mlipaji. Utendaji wa kampuni umepanda kwa sababu mpaka wake umesogezwa nyuma, na hakuna alama ya utawala inayonasa tukio hilo. Ili kikundi kisipate hasara kwenye maji peke yake, bei yake ya rejareja lazima iipite ya jumla kwa karibu asilimia 43, kabla ya mshahara wa fundi na viungo vya bomba. Uamuzi mzito kuliko yote ya utawala katika kampuni hii, basi, ni pengo kati ya bei mbili. Likiwa jembamba, kikundi hufa na wizi hurudi. Likiwa pana, mnunuzi wa jerikeni ndiye anayebeba mzigo.

Schwartz na Sanga, walioandika kuhusu mpango huu mwaka 2010, waliutazama kama ushirikiano kati ya shirika na watoaji wadogo wa huduma. Neno hilo ni la upole mno. Upande mmoja unashika valvu ya mita kuu na unaweza kuifunga deni likichelewa. Upande wa pili hauwezi kuifungia kampuni chochote maji yakikatika siku nne. Pia kikundi chenyewe kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, yaani tatizo la uwakala limezaliwa upya huko chini, mbali na macho ya mdhibiti. Mweka hazina akila pesa, mita kuu huendelea kuhesabu.

Inaweza kupingwa kwamba maji ni huduma ya pekee yenye ukiritimba. Lakini M-Pesa imeenea tangu 2007 kwa mawakala wasio waajiriwa wa Safaricom, na viwanda vya sukari vya Nyanza hutegemea miwa ya wakulima wa nje. Penye masoko kama haya, kampuni nyingi humfikia mteja kwa mkono wa mtu mwingine, na hatari husukumwa kwake kwa mkataba ambao ripoti ya mwaka haiuchapishi. Mtafiti wa KIWASCO angeanza na mikataba ya masta opereta na usomaji wa mita kuu ukilinganishwa na wa mita ndogo, mwezi kwa mwezi, kabla ya kuuliza wakurugenzi huru ni wangapi.