Manowari za Ziwa Victoria: Meli na Silaha Zilizopigania Pwani ya Mara, 1914–1917

Wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara zinafahamika leo kwa dhahabu ya Nyamongo, kwa biashara ya mpakani Sirari na kwa nyumbu wanaovuka Mto Mara kila mwaka. Hakuna kambi ya wanamaji katika wilaya hizo. Hata hivyo, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia eneo hilo lilikuwa sehemu ya uwanja wa mapigano ambao hatima yake iliamuliwa kwa kiasi kikubwa na meli chache za mvuke zilizofungwa mizinga. Meli hizo hazikujengwa kwa ajili ya vita. Zilikuwa za abiria, pamba na ngozi, lakini ndani ya miezi michache ziligeuzwa kuwa jeshi dogo la majini.

Historia ya meli hizo inaeleza jambo moja la msingi kuhusu ulinzi wa pwani ya ziwa: aliyemiliki vyombo ndiye aliyechagua mahali na wakati wa kupigana, na asiyekuwa navyo alilazimika kutawanya askari wake kulinda kila ghuba.

Mpaka uliokatwa kwa rula

Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yaligawa Afrika Mashariki kwa mstari uliotoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi mahali ambapo nyuzi 1 ya latitudo ya kusini inakutana na ukingo wa mashariki wa Ziwa Victoria. Makubaliano ya mwaka 1890 yaliuendeleza mstari huo juu ya maji kuelekea magharibi. Ndiyo asili ya mpaka wa sasa wa Tanzania na Kenya kaskazini mwa Tarime, mpaka uliowaacha Wakurya na Waluo pande zote mbili.

Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Shirati, kwenye ukingo wa ziwa karibu na mpaka. Shirati ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime hadi mwaka 2007, ilipoundwa Wilaya ya Rorya. Bara zaidi, kusini ya Mto Mara, walijenga ngome ya mawe Ikoma mwanzoni mwa karne ya 20. Magofu ya ngome hiyo yamo katika Wilaya ya Serengeti, karibu na kijiji cha Robanda.

Makao makuu ya Wajerumani katika ukanda wa kusini wa ziwa yalikuwa Mwanza, ilikokaa Kampuni ya 14 ya jeshi lao la koloni. Kampuni ya 7 ilikuwa Bukoba. Askari, chakula au risasi zilizotoka Mwanza kwenda Shirati zilikuwa na njia mbili tu: kupita majini, au kubebwa na wapagazi kwa siku nyingi kuzunguka ghuba na kuvuka mito.

Meli zilizosafirishwa vipande vipande

Reli ya Uganda ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901. Kuanzia hapo Waingereza walipata faida ambayo Wajerumani hawakuweza kuifikia. Meli ziliundwa Scotland, zikafunguliwa, vipande vyake vikatiwa namba na kupakiwa kwenye meli za baharini hadi Mombasa, kisha vikapandishwa garimoshi hadi Kisumu, ambako mafundi waliviunganisha upya kwa riveti na kuvishusha majini.

Ya kwanza ilikuwa William Mackinnon, iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1900, kabla reli haijafika. Zikafuata Winifred na Sybil, meli mbili za muundo mmoja, kisha Clement Hill ya abiria na Nyanza ya mizigo. Karibu na kuanza kwa vita ziliongezwa Usoga na Rusinga, kila moja ikiwa na ukubwa wa takribani tani 1,300, pamoja na Kavirondo, boti ya mvuke ya kuvuta matishari. Nyingi za meli hizi zilitumia kuni zilizokatwa na kurundikwa kwenye vituo vya ukingoni, hivyo mwendo wa meli ulitegemea pia vituo hivyo vya kuni.

Upande wa Wajerumani, chombo cha pekee cha mvuke chenye uzito katika vita hivyo kilikuwa Muansa, boti ya kuvuta matishari iliyobeba jina la mji wa Mwanza kwa tahajia ya Kijerumani. Vyombo vyao vingine vilikuwa boti ndogo, majahazi na mitumbwi. Reli ya Kati ya Wajerumani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilielekea Ziwa Tanganyika na haikufika Ziwa Victoria. Kwa sababu hiyo Mwanza haikuwa na njia rahisi ya kupokea meli nzito kutoka pwani.

Silaha: mizinga, bombomu na bunduki za moshi

Neno manowari lilitokana na jina la Kiingereza la meli ya vita, lakini manowari za Ziwa Victoria zilikuwa na umbo la meli za kawaida. Kinachoifanya meli kuwa ya kivita ni mzinga imara, sitaha inayoweza kuhimili mshindo wake na wapiga mizinga waliofunzwa. Mwanzoni mwa vita meli za Kisumu hazikuwa na mizinga, na zilitegemea bunduki za askari waliokuwamo. Baadaye maofisa wa Jeshi la Majini la Uingereza walipelekwa ziwani, mizinga ikaletwa kwa reli na kufungwa kwenye sitaha, na mabamba ya kinga yakawekwa.

Muansa ilianza vita ikiwa tayari na mzinga mdogo. Dhidi ya meli isiyo na mzinga, silaha hiyo ilitosha kuitawala ghuba nzima. Dhidi ya meli yenye mzinga mkubwa zaidi, haikufaa kitu, kwa kuwa adui aliweza kuipiga akiwa mbali.

Nchi kavu, sehemu kubwa ya askari wa Kijerumani walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Bunduki hiyo ilitumia baruti nyeusi, na kila risasi iliacha wingu la moshi lililoonyesha mpigaji alipojificha. Kikosi cha King's African Rifles, ambacho wenyeji walikiita Keya, kilitumia bunduki zilizotoa moshi kidogo sana. Pande zote zilikuwa na bombomu, yaani bunduki za rashasha aina ya Maxim, na mara nyingi bombomu moja iliyowekwa vizuri ilizuia kikosi kizima kisishuke ufukweni. Ndiyo maana meli yenye mzinga ilikuwa na thamani kubwa: iliweza kuinyamazisha bombomu ya ukingoni kabla askari hawajapanda mashua.

Septemba 1914: Karungu na Kisii

Mapema mwezi Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka kusini, kikapita Karungu na kuingia Kisii. Tarehe 12 Septemba kilipambana na Keya katika vilima vya Kisii, na baada ya hasara kwa pande zote mbili kikarudi nyuma.

Katika siku hizo hizo Winifred ilipeleka askari Karungu, ikaikuta Muansa na mzinga wake. Winifred haikuwa na silaha ya kujibu, ikalazimika kugeuza omo na kuondoka. Ilirejea ikifuatana na Kavirondo na kukuta Wajerumani wamekwishaondoka. Tukio hilo halikuua watu wengi, lakini lilionyesha bayana kwamba boti moja yenye mzinga ingeweza kuzifukuza meli kubwa kuliko yenyewe.

Sybil yapanda mwamba Majita

Mwezi Novemba 1914 Sybil ilipanda mwamba karibu na Majita, katika pwani ya Musoma ya sasa, ikaachwa na mabaharia wake katika maji yaliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Ziwa Victoria lina kina kifupi na miamba mingi karibu na kingo zake. Nahodha asiyeyafahamu maji ya eneo alikuwa katika hatari ya mwamba kama alivyokuwa katika hatari ya mzinga. Meli hiyo haikunasuliwa hadi mwaka 1915, ilipovutwa na kurudishwa katika huduma.

Mwaka 1915: mizani yageuka

Mwezi Januari 1915 Waingereza walisafirisha askari kwa meli na kuiteka Shirati. Kituo kilichokuwa mlango wa Wajerumani kuingilia Kisii sasa kikawa mlango wa Waingereza kuingilia Tarime. Mwezi Machi mwaka huo kulikuwa na mapigano Maika, karibu na mpaka, na Wajerumani wakasukumwa nyuma kuelekea Mto Mara.

Mwezi huo huo Winifred, sasa ikiwa na mzinga, iliifukuza Muansa hadi mlango wa maji wa Rugezi, baina ya kisiwa cha Ukerewe na bara, mahali ambapo leo kivuko huvusha abiria kati ya Kisorya na Rugezi. Muansa iliharibiwa na kukwama ukingoni. Tangu siku hiyo Wajerumani hawakuwa tena na chombo cha kuwazuia Waingereza kwenda popote walipotaka ziwani.

Matokeo yalionekana haraka. Mwezi Juni 1915 msafara wa meli uliondoka Kisumu na kuvuka ziwa lote hadi Bukoba, ukashusha askari na kuharibu mtambo wa redio wa Wajerumani baada ya mapigano ya tarehe 22 na 23. Mwezi Juni 1916 Ukerewe ilitekwa, na Mwanza ikaanguka katikati ya Julai. Katika kila tukio, walinzi hawakujua adui angeshukia ghuba ipi hadi walipouona moshi wa meli zake.

Ikoma 1917: mahali ambapo meli haziwezi kufika

Nguvu ya meli ilikuwa na ukomo wake, na ukomo huo ulidhihirika katika Wilaya ya Serengeti ya sasa. Mwezi Mei 1917 kamanda wa Kijerumani Wintgens, aliyekuwa amejitenga na jeshi kuu na kuelekea kaskazini, aliugua na kujisalimisha kwa Wabelgiji. Naibu wake, Naumann, aliendelea na safari, na mwezi Juni akafika Ikoma na kuishika ngome. Kikosi cha Wabelgiji kilichomfuata kilipambana naye hapo bila kumkamata.

Waingereza walikuwa wakilitawala ziwa kwa zaidi ya miaka miwili, lakini hakuna mzinga wa meli uliofika Ikoma. Mto Mara hauruhusu meli kupanda hadi huko. Ilibidi majeshi yamfuate Naumann kwa miguu, hadi alipojisalimisha karibu na Kondoa mwanzoni mwa Oktoba 1917. Kwa hiyo ziwa lilitoa ushindi wa pwani, si wa nyika.

Gharama ya vita vya nyika iliwaangukia zaidi wapagazi. Chakula na risasi vilibebwa vichwani, na maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu katika Afrika Mashariki. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Majina ya meli yameandikwa vitabuni, lakini ya wengi wa wapagazi hayakuandikwa popote.

Maziwa mengine, funzo lile lile

Katika Ziwa Nyasa, meli ya Kiingereza Guendolen iliishtukiza na kuilemaza Hermann von Wissmann tarehe 13 Agosti 1914, ikiwa kwenye matengenezo Liuli. Katika Ziwa Tanganyika Wajerumani ndio waliotawala mwanzoni, hadi boti mbili ndogo za Kiingereza, Mimi na Toutou, zilipoletwa kwa nchi kavu kupitia Kongo. Desemba 1915 ziliikamata Kingani, na Februari 1916 Waingereza wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Graf von Götzen, iliyowahi kubeba mzinga wa milimita 105 kutoka manowari Königsberg, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Kigoma Julai 1916. Iliibuliwa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba.

Urithi na wajibu wa sasa

Takribani nusu ya Ziwa Victoria, asilimia 51, iko Tanzania. Ulinzi wa maji ya nchi ni jukumu la Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoanzishwa tarehe 1 Septemba 1964, kupitia Kamandi yake ya Wanamaji yenye makao Kigamboni, Dar es Salaam. Mwaka 2015 Rais Jakaya Kikwete alizindua meli mbili za doria zilizotoka China, Mwitongo na Msoga. Jina la kwanza linatoka mkoani Mara: Mwitongo ni mahali alipoishi na kuzikwa Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, kijijini Butiama.

Hivyo mkoa ambao pwani yake ilipiganiwa na meli zilizobeba majina ya wageni, sasa una jina lake kwenye meli ya taifa. Magofu ya Ikoma, ukingo wa Shirati na miamba ya Majita bado vipo. Ni kumbukumbu zinazostahili kutunzwa na kufundishwa kwa vijana wa Tarime, Serengeti na Rorya, pamoja na funzo lake: pwani isiyo na vyombo vyake yenyewe hulindwa kwa jasho na damu ya watu wanaotembea kwa miguu.